Kyungu, Panda!

Kamina, tarehe 11 mwezi wa tatu 2024

Tantine Léa, mwalimu mwenye sauti ya kupita treni,

Hii ni minyi Kabange, mutoto wa kaka yako Mwenze. Naandika na mukono yangu mwenyewe, usiseme tena nilikimbia masomo bure. Uko muzuri? Bwana yako iko muzuri? Ile mbuzi yenye ilikula kitabu yako ya nyimbo za kanisa, ingali inaimba? Ku lupango, nyumbani kwetu, hakuna neno. Mvua ilikuwa kidogo, mahindi ya baba ni fupi, unaweza kuivuna na magoti. Nkambo, bibi yetu muzee, amebakia na meno mbili, lakini anauma nayo kila muntu mwenye kupita.

Sasa kamata kiti, ukae. Umeisha kukaa? Muzuri. Minyi niko mu buloko, mu gereza.

Usianze kuomba, soma kwanza. Balinikatia miaka munane. Munane, Tantine! Salomon, kapita mwenye kuongoza chumba yetu, muntu wa ndevu, aliiba ngombe ku Kaniama na balimupatia miaka tatu tu. Njo maana humu ndani bananiita Mukubwa, minyi na miaka yangu kumi na tisa.

Neno lenyewe ni moto, pikipiki ya bantu. Ilikuwa mchana kabisa, pa gare, ku kituo ya treni. Mwenye moto, bwana moja jina yake Nyembo, alikuwa anakunywa mayi. Nilimupiga na mupini ya jembe, mukono yake ikavunjika, nikapanda. Minyi mwenye sijakanyaga hata pedali ya baiskeli! Uliza bantu ba njia ya Luena kama baliona muntu anakata kona vile. Tulikwenda mpaka esanse mu tanki ikaisha. Polisi ilitukuta tumekaa pembeni ya njia, tunagawa mukate. Ninasema tumekaa, juu ya sababu tulikuwa babili, minyi na Kyungu. Kyungu njo alinituma. Unamujua mwenyewe pacha yangu: alitoka mbele mu tumbo ya mama, na toka siku ile anazania kila njia ni yake.

Ku tribinali, Nyembo alisema muntu wa pili hakumuona, lakini alisikia minyi naita: «Kyungu, panda!» Juji akaniuliza Kyungu ni nani. Nikasema ndugu yangu. Iko wapi? Nikasema, baba iko pale, muulize yeye. Baba akasimama. Juji akamuuliza: «Mutoto wako Kyungu iko wapi?» Baba alivua kofia, akaangalia bilatu mu miguu yake. Akamuuliza tena. Baba, kimya. Ungezania bilatu njo inaulizwa.

Basi, bakasema siye ni kikosi ya banyang'anyi, mwenzangu alikimbia, na muzee anamuficha. Metre Gisèle, avoka, mutetezi mwenye balinipatia bure, aliniambia: mwizi wa peke yake angepata miaka tatu hivi. Ni kikosi njo ilileta munane. Alifanya apele, kesi isikilizwe tena, siku ile ile. Ni binti mufupi, anatembea kama muntu mwenye nyuki nyuma yake. Anauliza sana juu ya Kyungu. Nilimupatia namba yako, juu weye unajua kusema na bantu ba makaratasi.

Zébédée, katekista mwenye kuya kutuombea, njo anakuletea hii barua na treni. Umupatie samaki, asiseme siye ni bachoyo.

Kyungu anakusalimia. Anasema fimbo yako ya kalasi ya tatu angali anaisikia.

Siye batoto bako,
Kabange na Kyungu

*

Bukama, tarehe 20 mwezi wa ine 2024

Kabange mutoto yangu,

Nakusalimia mu jina ya Bwana. Siye tuko bazima. Lualaba ilipanda mwaka huu mpaka ku kiwanja ya masomo, tulifundisha batoto chini ya paa ya kanisa, na samaki moja iliingia mu kalasi ya kwanza. Batoto ba kalasi ya pili walisema itapita mutihani mbele yao. Bwana yangu anaumwa mugongo. Mbuzi tuliuzisha. Barua yako ilikawia, juu treni haikupita tena mpaka juma hii. Zébédée alipata samaki, na anakuletea yako.

Habari yako niliisoma nimesimama. Sikukaa vile ulisema.

Metre Gisèle aliniita ku telefone. Ni muntu wa adabu. Alinieleza bajuji ba apele bataangalia mambo mbili. Ya kwanza, kama kweli mulikuwa kikosi. Ya pili, kichwa yako ilikuwa namna gani siku ile, juu muntu mwenye kufanya neno kubwa na kichwa yenye kugonjwa hakatiwi sawa na muntu muzima. Atatuma munganga wa bugonjwa ya kichwa akuone. Umujibu na heshima. Usimufanyie bile bichekesho yako.

Kisha akaniuliza Kyungu iko wapi. Nilimuambia telefone inakatika. Haikukuwa inakatika.

Nilimuandikia baba yako pia. Hakujibu.

Yule bwana Nyembo, uliuliza habari ya mukono yake? Mu barua yako mukono ilivunjika mu mustari moja, na kona za njia zikapata mistari mingi.

Ukule, Kabange. Ukule sahani muzima, usiache nusu. Nakujua.

Juu ya mwenye kunisalimia, sina jibu ya kumutumia.

Shangazi yako,
Léa

*

Kamina, tarehe 14 mwezi wa tano 2024

Tantine mwenye kuuzisha mbuzi ya bantu,

Wafwako, asante kwa samaki. Zébédée alifika na kichwa na mukia. Katikati alisema ilianguka mu treni. Baridi imeanza. Baba alikuya kuniona siku moja, alikaa kwa benchi, aliniletea mihogo, akaniangalia, akarudi. Nkambo alituma neno: anasema juji akuye kwake, atamuuma.

Munganga wako alifika. Anavaa miwani mbili, moja kwa macho, moja kwa kichwa. Aliniuliza: «Unasikia sauti?» Nikamuambia: «Nasikia yako.» Akaandika. Akaniuliza kama nalala. Nikamuambia minyi ni bingwa wa kulala, lakini Kyungu anapenda kusema sana wakati bengine banalala. Akaandika sana. Akaniuliza tulianza lini kusema vile. Nikamuambia mama alisema tulianza mu tumbo. Ile hakuandika.

Balinipatia bidonge. Inalalisha muntu sawa gunia ya mahindi.

Sasa nisikilize muzuri. Sikubali ile njia ya Metre Gisèle. Muntu akitoka buloko, bantu banasema: huyu aliiba, akalipa, kwisha. Anaoa, anafanya batoto, banamuita ku matanga na ku ndoa. Lakini mwenye wazimu? Hata akipona banaficha bisu wakati anapita. Nitamuambia nini binti wa bantu? «Minyi si mwizi, ni kichwa tu»? Hapana. Minyi ni mwizi. Mwizi mukali. Salomon mwenyewe anajua.

Salomon tena. Tunakula bukari ya unga na maharagi. Nakata yangu katikati, nusu yangu, nusu ya Kyungu, na hakuna mwenye kuigusa. Juma iliyopita akasema: «Mukubwa, hii inapoa bure,» akaikula. Nilimuuma kwa bega. Tangu siku ile anaangalia ukuta wakati wa kula. Usiseme kwa munganga.

Na neno moja. Metre Gisèle alikuya akanishika mukono, akaniuliza pole pole kama Kyungu ni muntu mwenye hatarudi tena. Nilimuambia: tulipanda treni ya mizigo pamoja, juu ya wagon, kwenda kutafuta kazi. Yeye alishuka mbele ya Luena. Ni hivi tu. Ananigojea kule. Njo maana nilichukua moto.

Kyungu anasema usiingie mu mambo ya bavijana.

Kabange na Kyungu

*

Bukama, tarehe 23 mwezi wa sita 2024

Kabange,

Nakusalimia. Bwana yangu anatembea tena, na fimbo. Mutihani wa batoto uliisha, tulipitisha wengi. Samaki imekuwa rahisi sokoni, juu mayi imeshuka. Hii barua niliianza mara mingi, na ya mbele yote nilichoma mu jiko. Hii sitaichoma.

Nitaandika yenye siye hatusemi.

Desturi weye uliikuta kwetu, na minyi niliikuta: mapasa, ni kusema pacha, hawaliliwi. Moja akienda, hakuna kilio, hakuna kusema lile neno, juu mwenye kubakia atalisikia na atamufuata. Kwa hiyo tunaimba. Ulituona ku Luena, miaka mbili sasa. Baba yako alichimba na mikono yake, pembeni ya reli, na siye banawake tuliimba nyimbo za mapasa, zile za matusi, na kucheka kwa nguvu. Minyi mwalimu wa Methodiste, mwenye kupiga batoto juu ya neno mubaya, niliimba kupita bote. Weye ulisimama na mukate mu mukono. Hakuna mwenye alikuambia kitu. Hata ku komini, ofisi ya serikali, hakuna mwenye alikwenda kuandikisha, juu kule muntu anakuomba useme neno lenyewe na mudomo.

Sasa angalia yenye tulifanya. Kwa serikali, Kyungu ni muzima, anakimbia. Juji aliuliza baba yako swali moja, na baba yako, juu ya kukuchunga weye usifuate, alinyamaza. Juji hakujua desturi yetu. Aliona muzee mwenye kuficha mwizi. Tulinyamaza juu uishi, na kunyamaza kwetu ilikuongezea miaka mitano.

Kabange, Kyungu alikufa.

Alianguka toka juu ya wagon mbele ya Luena, na ulikuwa pembeni yake. Hakushuka. Alikufa, na siku ya moto hakukuwa pale. Sauti yenye unasikia ni bugonjwa, na bugonjwa ina munganga. Hakuna haya ndani yake.

Nimeandika. Nilikaa mezani kwa muda murefu nikiangalia mukono yangu. Sasa nitakaa nikigojea kusikia kama uko hai, na minyi mwenye nasema siamini hizi mambo, sitalala muzuri.

Bajuji ba apele bakiita, nitakuya kulisema mbele yao. Ingefaa zaidi baba yako aseme, juu ni yeye alinyamaza. Nilimuomba. Alinitumia jibu na mudomo wa Zébédée: «Mutoto wa pili, sitamuua na ulimi yangu.»

Shangazi yako mwenye kukupenda,
Léa

*

Kamina, tarehe 9 mwezi wa saba 2024

Tantine,

Jambo. Bantu bote bazima. Baridi ni kali. Nkambo anakohoa.

Barua yako ilifika. Niko hai, unaona, nashika kalamu. Usijivune lakini.

Kyungu hasemi na minyi tangu niliisoma. Amekasirika ao ni bidonge, sijui. Chumba imekuwa kubwa. Salomon anakoroma, na mbele sikuwa nasikia.

Usikuye ku tribinali. Usiandike tena lile neno.

Kabange na Kyungu (amelala)

*

Bukama, tarehe 30 mwezi wa tisa 2024

Kabange mutoto yangu,

Siye tuko. Masomo imefunguliwa, kalasi yangu imejaa mpaka dirishani. Niliandika mu mwezi wa munane, hukujibu. Zébédée aliniambia alikuona unacheza mupira na umeshinda, na unasema umeshinda peke yako. Nikajua uko.

Metre Gisèle alinipatia siku: bajuji bataketi tarehe 24 mwezi wa kumi. Ripoti ya munganga imefika kwao. Yenye kukosa ni muntu wa jamaa wa kusimama na kusema. Nitapanda treni siku mbili mbele. Ulinikataza, lakini minyi njo nilikufundisha kuandika «hapana», na najua vile unaiandika kama huiamini.

Baba yako alituma neno tena: hatasema. Usimukasirikie. Anabeba woga wake na mikono mbili, hana mukono ya kukushika weye.

Vaa shati safi. Usichekeshe juji.

Léa

*

Kamina, tarehe 3 mwezi wa kumi na moja 2024

Kwa Tantine Léa, mwenye kulala ku Luena sawa gunia,

Jambo sana, na pole ya safari. Zébédée alitueleza: treni yako iliharibika pa Luena, ukalala pale ndani, ukarudi Bukama na mizigo. Bwana yako iko namna gani? Mugongo? Ku lupango mvua ya kwanza ilinyesha, baba anapanda. Nkambo alitapika sauti yake yote, sasa anasema na mikono. Nitakueleza ilikwenda wapi.

Nilivaa shati safi, ya Salomon. Chumba ya tribinali ilijaa: baba, Nkambo, bamama ba jirani yetu, hata Nyembo na mukono yake, imepinda kidogo. Metre Gisèle alisema muzuri sana, alipiga meza, minyi mwenyewe nilianza kumuhurumia yule Kabange. Kisha juji mukubwa akauliza: «Shahidi wa jamaa?» Bakaita jina yako. Bakaita tena. Metre Gisèle anaangalia mulango, minyi naangalia mulango, askari naye anaangalia mulango. Weye uko Luena unakula karanga.

Juji akafunga miwani yake. Akasema kama hakuna shahidi, yenye ilisemwa mu tribinali ya kwanza itabakia.

Baba alikuwa nyuma kabisa, kwa ukuta. Alikuya kunyamaza tu, si unamujua. Nikasikia benchi inalia. Akapita katikati ya bantu, kofia mu mukono. Hakuangalia bilatu. Aliniangalia minyi, muda murefu, sawa muntu mwenye kupima kama mti itaanguka upande gani. Kisha akageukia juji.

«Mukubwa, balisema naficha mutoto. Sifichi. Mutoto yangu Kyungu alikufa. Alianguka ku treni. Minyi njo nilimuzika. Huyu hapa alikuwa peke yake.»

Tantine, hata inzi ilisimama. Bantu bote baligeuka kuniangalia minyi, bamama bameshika midomo, banagojea nianguke. Nilikuwa najigojea vilevile. Niliangalia miguu yangu. Ilikuwa imesimama.

Njo Nkambo akafungua kinywa. Sijawahi kusikia sauti vile, na mwenye kuitoa ni muntu wa meno mbili. Akalia jina yake: «Kyungu ee! Kyungu wangu ee!» Bamama bakamufuata bote, bakakaa chini, bakavua bitambaa. Baba alishika meza ya Metre Gisèle akalia sawa mutoto. Miaka mbili, Tantine, ilitoka siku moja. Juji alipiga meza, nani anasikia? Akauliza karani wake: «Hii ni fujo gani?» Karani ni muntu wa kwetu, alikuwa ameisha kuweka kalamu chini. Akamuambia: «Mukubwa, ni kilio. Uache baishe.»

Na juji akaacha. Alivua kofia yake akagojea. Hakuna mwizi mwengine wa Kamina mwenye alisimamisha tribinali namna ile, andika hii mu kitabu yako.

Nyembo naye alilia. Nilimuambia wafwako. Akaniambia: «Namulilia ndugu yako. Weye sikulilii, mukono yangu ingali inauma wakati wa mvua.» Nikamuambia iko na haki. Ile uliniuliza mu mwezi wa ine, njo jibu yake.

Walipomaliza, juji aliniita. Aliuliza pole: «Kabange, siku ile ya moto, mulikuwa bangapi?»

Nilitafuta kitu ya kuchekesha. Haikukuya. Nikasema: «Nilijisikia babili. Nilikuwa mumoja.» Akauliza: «Na ku treni?» Nikasema: «Ku treni tulikuwa babili. Nilimuona akianguka.»

Hukumu ilisomwa siku tano nyuma. Kikosi ya banyang'anyi, balifuta. Balisema niligonjwa kichwa siku ile, bakaacha miaka mbili, na ile yenye nimeisha kukaa inahesabiwa, na munganga ataniona kila mwezi, hata nikitoka. Miwani mbili, maisha yangu yote. Sasa humu ndani Mukubwa ni muntu wa miaka mbili tu, bananidharau.

Jana tulipata bukari kubwa. Niliikata katikati vile kawaida, nikagojea. Salomon akaangalia ukuta. Nikamuambia: «Kula hii.» Akaniangalia, akashika bega yake. «Na mwenyewe?»

Nikamuambia: «Alikufa. Unataka ao hautaki?»

Alikula pole pole mpaka sahani ikaisha.

Mutoto wako,
Kabange